Mwanao akichelewa kusema, anza na masikio

MTOTO akishikwa na homa usiku, mama hangoji kuche vizuri. Humbeba mgongoni kwa leso, akapanda matatu ya kwanza, na kufikia saa moja asubuhi yuko kwenye foleni ya zahanati. Mtoto akiharisha, hali ni ile ile. Lakini mtoto huyo huyo akitimiza miaka miwili bila kutamka hata neno "maji", mara nyingi hakuna anayeondoka nyumbani. Nyanya husema hata baba yake alichelewa. Jirani husema wavulana ndivyo walivyo. Baba husema ataongea akianza kwenda chekechea. Mwaka hupita, kisha mwingine.

Wanaosema hivyo si kwamba wanakosea kila mara. Wako watoto wengi ambao huchelewa kidogo, kisha wakawafikia wenzao bila dawa wala daktari. Shida ni kwamba ukimtazama tu mtoto wa miaka miwili asiyesema, huwezi kujua kama ni mmoja wa hao, au ni mtoto asiyesikia vizuri, au ana tatizo jingine linalohitaji kushughulikiwa mapema. Kwa macho wote wanafanana. Wote wanacheza, wanacheka na kukimbia.

Ndiyo sababu ushauri wa madaktari katika jambo hili ni mmoja: usikisie, mpeleke mtoto akaguliwe. Na kitu cha kwanza kukaguliwa si ulimi, bali ni masikio.

Kwa nini haraka hivyo?

Mtoto hafundishwi kusema kama anavyofundishwa kusoma. Yeye huokota lugha kutoka kwa watu wanaomzunguka. Kazi hii huanza mapema sana, kwani mtoto husikia sauti angali tumboni, na akizaliwa huwa tayari anaitambua sauti ya mama yake. Katika miaka mitatu ya kwanza ubongo huwa mwepesi sana kupokea lugha. Baadaye mtoto bado anaweza kujifunza, lakini kwa kazi kubwa zaidi na kwa muda mrefu zaidi.

Kwa hivyo mtoto asiyesikia vizuri, na ambaye hakuna aliyemgundua hadi anapofikisha miaka mitano, huwa amepoteza miaka ile ambayo lugha ingemwingia kwa urahisi. Anaanza shule wakati wenzake wanajua maelfu ya maneno, naye ana machache. Mwalimu anamwita mzembe. Wenzake wanamcheka. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika suala hili anayeumia si yule anayengoja bali ni mtoto.

Umri na hatua za lugha

Watoto hawafanani, na tofauti ya mwezi mmoja au miwili si jambo la kumtia mzazi wasiwasi. Hata hivyo, ziko hatua ambazo watoto wengi hupitia kwa umri unaojulikana.

Mtoto mchanga hushtuka akisikia kishindo, na hutulia akisikia sauti ya mama. Akiwa na miezi miwili hadi mitatu huanza kutoa sauti za "aa" na "uu" anapochezewa. Kufikia miezi sita hugeuza kichwa kutafuta sauti inatoka wapi, na hucheka kwa sauti. Kati ya miezi sita na tisa huanza kurudiarudia sauti kama "ba-ba-ba" na "ma-ma-ma", na kufikia miezi tisa hugeuka akiitwa jina lake.

Akitimiza mwaka mmoja, mtoto hupunga mkono wa kwaheri, huelewa akiambiwa "usishike", na huenda akawa na neno moja au mawili yenye maana. Muda mfupi baadaye huanza kuonyesha kwa kidole kitu anachokitaka. Kidole hiki ni muhimu kuliko wazazi wengi wanavyofikiri, kwani ni ishara kwamba mtoto amejua kuna mtu mwingine anayeweza kuelezwa jambo.

Akiwa na mwaka mmoja na nusu huwa na maneno kadhaa, na hufuata agizo fupi kama "lete kiatu" bila kuonyeshwa kwa mkono. Akitimiza miaka miwili huwa na maneno yapatayo hamsini, na huanza kuunganisha mawili: "mama maji", "baba enda", "gari kubwa". Wakati huo mgeni anaweza kuelewa karibu nusu ya anayosema. Akiwa na miaka mitatu husema sentensi fupi, huuliza maswali, na mgeni huelewa karibu robo tatu ya maneno yake. Akiwa na miaka minne anaweza kukueleza kisa kidogo kilichotokea, na mtu yeyote akamwelewa, hata kama sauti kama "r" bado inamshinda.

Mzazi anayezungumza Kiswahili nyumbani akumbuke jambo moja anapohesabu. Katika lugha yetu neno moja linaweza kuwa sentensi nzima. Mtoto wa miaka miwili akisema "sitaki" huenda bado hajui kwamba ameunganisha mambo kadhaa; kwake hilo ni neno moja tu, kama "maziwa". Unachotafuta ni kama ameanza kuweka maneno mawili tofauti pamoja ili kusema jambo jipya: "sitaki uji", "uji moto".

Dalili zisizofaa kungojewa

Kuna dalili ambazo mzazi akiziona hapaswi kusema tungoje tuone. Mpeleke mtoto kituo cha afya iwapo:

Amefikisha miezi sita na hageuki akisikia sauti, wala hatoi sauti yoyote anapochezewa.

Alikuwa akitoa sauti za kitoto kisha akanyamaza. Watoto wasiosikia pia huanza kutoa sauti katika miezi ya kwanza, na wazazi hutulia. Lakini kwa kuwa hawajisikii, sauti hizo mara nyingi haziendelei kuwa "ba-ba-ba" kama za wenzao, na huenda zikapungua.

Amepita mwaka mmoja na hapungi mkono, haonyeshi kitu kwa njia yoyote, na haitikii jina lake.

Amefikisha mwaka mmoja na nusu bila neno hata moja.

Ametimiza miaka miwili na haunganishi maneno mawili, au anarudia tu maneno ya watu wengine bila kuyatumia kuomba au kueleza kitu.

Ametimiza miaka mitatu na watu wasio wa nyumbani hawamwelewi.

Haelewi anayoambiwa, kwa umri wowote. Mtoto anayeelewa kila kitu lakini hasemi huwa na matumaini makubwa kuliko yule asiyesema na pia haelewi.

Alikuwa na maneno, kisha akayapoteza. Hii ni dalili nzito kuliko zote. Mtoto aliyekuwa akisema "mama" na "maji" kisha akaacha apelekwe kwa daktari wiki hiyo hiyo, awe na umri gani.

Wazazi huuliza kama mvulana aongezewe muda. Ni kweli wavulana huchelewa kidogo kuliko wasichana, lakini tofauti yenyewe ni ndogo. Mipaka niliyotaja ni ya wote.

Kusikia nusu si kusikia

Wazazi wengi hukataa kabisa wanapoambiwa mtoto wao apimwe masikio. "Daktari, huyu anasikia. Mlango ukigongwa anageuka. Simu ikilia anaikimbilia."

Huenda ni kweli. Lakini masikio si kama taa, ambayo huwaka au huzima tu. Mtoto anaweza kusikia sauti nzito na kubwa, kama za mlango, ngoma au lori, na asisikie sauti nyembamba na hafifu. Sauti za "s", "sh", "f", "t" na "k" ziko katika kundi hilo. Mtoto wa namna hiyo ukimwambia "lete sahani", anasikia "a" nyingi na mvumo fulani katikati. Anajua umesema kitu. Hajui ni nini. Anakutazama usoni, anatazama mkono wako umeelekea wapi, kisha anakisia. Akikisia sawa, unasema anasikia. Akikisia vibaya, unasema ni mkaidi.

Mwaka mmoja hivi uliopita, mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka minne. Hakuja kwa sababu ya usemi, bali kwa sababu mtoto alikuwa akitokwa na usaha masikioni na watoto wa chekechea walikuwa wakimkimbia kwa ajili ya harufu. Nilipomuuliza mtoto jina lake, mama ndiye aliyejibu. Nilipouliza zaidi, alisema kijana huyo ana kichwa kigumu, mpaka apigiwe kelele ndipo afanye anachoambiwa, na shuleni alikuwa ameadhibiwa mara kadhaa kwa kutotii. Usaha ulikuwa ukija na kwenda tangu alipokuwa akinyonya. Vipimo vilionyesha kwamba masikio yote mawili yalikuwa yakisikia sehemu tu ya sauti.

Masikio yalitibiwa, akapewa vifaa vya kumsaidia kusikia, na mama akaanza kumpeleka kwa mtaalamu wa tiba ya usemi mara mbili kwa mwezi. Hajawafikia wenzake bado. Lakini sasa anasema sentensi fupi, na mama yake aliniambia jambo ambalo wazazi wengine wanapaswa kulisikia: kwamba nyumbani hakuna tena anayempigia kelele, kwani wamejua hakuwa na ukaidi wowote.

Usaha masikioni ni jambo la kawaida sana kwa watoto wetu, na kwa sababu hiyo wengi hulipuuza. Usimtie mtoto mafuta, maji ya kitunguu wala maziwa ya mama sikioni. Kausha sikio kwa kipande safi cha kitambaa cha pamba kilichosokotwa, na umpeleke zahanati akapewe dawa. Usaha ukizidi siku 14 huhesabiwa kuwa ugonjwa sugu. Vilevile, mtoto mwenye mafua ya mara kwa mara anaweza kujaa majimaji nyuma ya ngoma ya sikio bila maumivu na bila usaha, akawa anasikia kama mtu aliyezama ndani ya maji. Haya hayaonekani kwa macho. Ni lazima sikio liangaliwe kwa kifaa.

Watoto wengine wanapaswa kupimwa masikio hata kama wazazi hawajaona dalili yoyote. Hawa ni waliozaliwa kabla ya siku zao wakiwa na uzani wa chini ya kilo 1.5, waliopata umanjano mkali wa ngozi na macho baada ya kuzaliwa, waliougua homa ya uti wa mgongo, ambao wapimwe kabla ya wiki nne kupita tangu wapone, waliotibiwa kwa sindano za jentamisini kwa muda mrefu, na walio na ndugu au wazazi waliozaliwa wakiwa viziwi. Dawa ya jentamisini huokoa maisha ya watoto wachanga, kwa hivyo mzazi asiikatae. Anachopaswa kufanya ni kuomba masikio yapimwe baadaye.

Rubela ikimpata mama mjamzito, hasa katika miezi ya mwanzo, inaweza kumfanya mtoto azaliwe kiziwi. Nchini Kenya chanjo ya rubela iliunganishwa na ile ya surua mwaka 2016, na mtoto huipata akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Surua yenyewe pia huharibu masikio. Chanjo hiyo ya pili wazazi wengi huisahau kwa kuwa mtoto ameshakua na haendi kliniki kila mwezi.

Kukata ulimi hakuleti maneno

Katika sehemu nyingi za nchi, mtoto asiyesema hupelekwa kwanza kwa mtu anayejulikana kwa kukata ule utando ulio chini ya ulimi, au kimio kilicho nyuma ya koo. Nimewaona watoto walioletwa wakivuja damu, na wengine wakiwa na vidonda vilivyooza kwa sababu ya wembe mchafu.

Ni kweli kuna watoto ambao utando huo ni mfupi mno. Huenda wakapata taabu ya kunyonya, na wachache wakashindwa kutamka sauti fulani vizuri. Lakini utando mfupi haumzuii mtoto kujifunza maneno. Mtoto wa miaka miwili mwenye ulimi uliofungwa atasema maneno yaliyopindapinda, ila atayasema. Asiyesema neno lolote, shida yake haiko chini ya ulimi. Kimio nacho hakihusiki hata kidogo. Kumkata ni kumpa mtoto maumivu na hatari ya kuambukizwa magonjwa, huku tatizo lenyewe likiendelea kukua.

Je, lugha nyingi humchanganya?

Wazazi wa mijini huuliza kila siku swali hili. Mama anazungumza lugha ya kwao, baba ya kwao, yaya Kiswahili, na nesari wanafundisha Kiingereza. Je, si ndiyo sababu mtoto amenyamaza?

Hapana. Lugha mbili au tatu hazisababishi tatizo la usemi. Watoto wengi wa Kenya wamelelewa hivyo tangu zamani, na wameongea. Mtoto wa namna hiyo huenda akachanganya, akasema "nataka ball" au neno moja la Kikamba na moja la Kiswahili. Hilo si kosa. Unapohesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote pamoja. Akiwa na ishirini za Kiswahili na thelathini za Kiluo, ana hamsini.

Kwa hivyo mzazi asiambiwe aache lugha yake na kumwongelesha mtoto Kiingereza tu. Zungumza naye kwa lugha unayoijua vizuri zaidi, ile unayoweza kumbembeleza nayo, kumkanya nayo na kumchekesha nayo. Mtoto mwenye tatizo la kweli la lugha huwa nalo katika lugha zake zote.

Lafudhi nayo isichukuliwe kuwa ugonjwa. Mtoto aliyelelewa mahali ambapo watu wazima husema "rara" badala ya "lala", au "samba" badala ya "shamba", atasema hivyo hivyo. Huyo hana haja ya mtaalamu, na hastahili kuchekwa darasani.

Simu na runinga

Kuna jambo moja la siku hizi ambalo halina budi kutajwa. Mzazi hutoka alfajiri kwenda kazini na kurudi usiku, na mtoto hushinda mbele ya runinga au akiwa na simu mkononi. Yaya ana nguo za kufua na chakula cha kupika. Katuni humfanya mtoto atulie.

Lakini katuni haimngoji mtoto ajibu. Lugha huingia kwa kupokezana: wewe unasema, mtoto anajibu hata kama ni kwa mlio tu, nawe unamjibu tena. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asiketishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Kupunguza runinga ni vizuri. Hata hivyo, mzazi asifanye runinga kuwa kisingizio cha kutompima mtoto. Anayeonyesha dalili nilizotaja akaguliwe, hata kama anashinda mbele ya katuni mchana kutwa.

Ikiwa mtoto asiyesema pia hamwangalii mtu machoni, hachezi na wenzake, hupanga vitu mstari kwa saa nyingi au hukasirika sana utaratibu ukibadilika, daktari atataka kuchunguza kama ana usonji. Huu si ulaaniwa wala uchawi, na haukusababishwa na malezi mabaya wala na chanjo. Ni jinsi ubongo ulivyoumbika, na mtoto husaidika zaidi akianza kushughulikiwa mapema.

Kigugumizi

Kati ya miaka miwili na mitano, watoto wengi huanza kurudiarudia maneno: "na-na-nataka". Mawazo yanakuja upesi kuliko kinywa. Wengi huacha wenyewe. Usimwambie "sema pole pole", usimmalizie neno, na usimcheke. Msikilize mpaka amalize, kisha umjibu alichosema na si jinsi alivyokisema.

Tafuta msaada iwapo kigugumizi kimezidi miezi sita, kama kuna mtu mzima wa jamaa aliyebaki nacho, kama mtoto anakaza uso au shingo ili neno litoke, au kama ameanza kukataa kuzungumza kwa aibu.

Uende wapi?

Anza pale pale unapompeleka mtoto kupimwa uzani. Kijitabu cha Mama na Mtoto ulichopewa kliniki kina sehemu inayoeleza hatua za kukua kwa mtoto. Kifungue, umwonyeshe muuguzi mahali mwanao alipokwama. Usiseme tu "mtoto yuko sawa" kwa sababu foleni ni ndefu.

Kutoka hapo uombe kutumwa hospitali ya kaunti yenye kitengo cha masikio, pua na koo. Kwa mtoto mdogo, masikio yanaweza kupimwa akiwa amelala: kifaa kidogo huwekwa sikioni, au vishikizo hubandikwa kichwani, na mashine husoma jinsi sikio na ubongo vinavyoitikia sauti. Hakuna sindano wala maumivu, na hakuna umri ulio mdogo mno kwa kipimo hiki. Anayekwambia umrudishe akifika miaka mitatu hajui habari zake.

Vilevile viko vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vinavyojulikana kama EARC, ambavyo vilianzishwa nchini mwaka 1984. Uliza katika ofisi ya elimu ya eneo lako. Jijini Nairobi, Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya (KISE) iliyoko Kasarani hukagua watoto na kuwaelekeza wazazi.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache, na wengi wako mijini. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuanza mapema, kwa kuwa huenda ukangoja zamu. Usitarajie dawa wala mashine. Mtaalamu huketi chini na mtoto, akacheza naye kwa mpira, picha na vikombe, huku akitazama anaelewa nini na anatamka nini. Kisha anakufundisha wewe mzazi. Saa moja ya mtaalamu kwa mwezi ni kidogo. Saa zilizobaki ni zako, za yaya na za nyanya. Kwa hivyo yaya akipata nafasi, naye aje.

Ikithibitika kwamba mtoto ni kiziwi kabisa, usikate tamaa, na usingoje vifaa ndipo uanze kuwasiliana naye. Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha kamili, na Katiba ya 2010 inaitambua. Kumfundisha mtoto ishara hakumzuii kusema baadaye. Kinachomdhuru ni kukaa miaka bila lugha yoyote.

Ya kufanya nyumbani

Unaposubiri siku ya miadi, kuna mengi unayoweza kufanya bila kutumia hata shilingi.

Inama au uketi mpaka uso wako ulingane na wake, ili aone midomo yako. Taja unachofanya: "Tunaosha sukuma. Tunakata. Sasa tunaweka kwenye sufuria." Akisema neno moja, liongeze: yeye "maji", wewe "maji baridi". Ukishauliza swali, ngoja. Hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kumjibia. Mwimbie, umhesabie vidole, umsimulie hadithi, na umtajie vitu mnapopita sokoni. Zima redio mnapozungumza.

Usimlazimishe mbele ya wageni, "sema, hebu sema!" Na usimnyime maji au chakula eti mpaka akitaje kwanza. Mtoto aliyeonyesha kwa kidole amekueleza. Mpe, huku ukilitamka neno lenyewe.

Mzazi anayehofia kuonekana mwenye wasiwasi bure nampa hesabu hii. Ukimpeleka mtoto na apatikane hana tatizo, umepoteza nauli na asubuhi moja kwenye foleni. Usipompeleka naye akawa ana tatizo, umempotezea miaka ambayo hakuna hospitali itakayoweza kumrudishia. Kwa hiyo kabla ya siku ya kliniki ijayo, simama nyuma yake akiwa anacheza, umwite kwa sauti ya chini, uone kama atageuka. Asipogeuka baada ya kujaribu mara kadhaa, nenda kesho. Akigeuka, lakini umri wake na maneno yake havilingani na niliyoeleza hapa, nenda vilevile, kwani jaribio la nyumbani haliwezi kushika nafasi ya kipimo cha hospitali.